Laiboni Aliyesema Haoti Tena

Wazee wetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojibana karibu na mlango ili kutoroka kuwe rahisi, karibuni. Wanaonijua wameshakichoka kisa hiki. Mtanivumilia, maana kilitokea kwenye mlima huu unaoonekana hapo dirishani, na bado naletewa insha za arketipu, yaani wahusika na taswira zinazojirudia katika hadithi za watu wote, kwenye riwaya za distopia, yaani za dola kandamizi, na zote zinaanzia Ugiriki.

Mwishoni mwa 1925 Carl Jung, tabibu wa nafsi kutoka Uswisi, alifika Mlima Elgon, Masaba wetu. Alikaa kwanza upande wa Kenya, kisha akapitia Bugisu na hapa Mbale, akaendelea Jinja hadi mto Nile. Alikuwa na Kiswahili cha kubahatisha, kamusi mkononi, na swali moja: watu wa huku huota nini? Akaahidi sigara, viberiti, hata pini. Hakuna aliyemletea ndoto. Mwishowe akaja laiboni mzee, yaani mganga na mtabiri, kajifunika joho la ngozi za kima. Mzee machozi yakamlenga. Zamani, akasema, malaiboni waliota, wakajua vita, maradhi, mvua, na malisho ya ng'ombe yako wapi. Tangu Wazungu waje hakuna anayeota, kwani Waingereza wanajua kila kitu.

Hapo nawaomba mtulie kidogo. DC, yule mkuu wa wilaya wa Waingereza, anajua mvua, anajua vita, anajua ng'ombe wako. Wewe usiku umebakiwa na kazi gani? Kwangu mimi distopia huanzia hapo, kabla hata ya askari kugonga mlango.

Miaka michache kabla ya safari hiyo, Yevgeny Zamyatin aliandika huko Urusi riwaya ya dola ambayo raia huitwa kwa namba na kuta za nyumba ni vioo. Mhandisi D-503 anaota, anaingiwa na hofu, maana kwao ndoto ni ugonjwa. Daktari anamwambia hali ni mbaya: ameota roho. Ndiyo, kuota! Kiswahili chetu kina neno moja kwa anayeona ndoto, kwa mtoto anayeota meno na kwa mbegu iliyochipua. Jung alitumia vitabu vizima kueleza mtu anavyokuwa yule aliyestahili kuwa. Sisi tuna kitenzi chenye silabi tatu, nacho tunakitumia kwa ndevu tu. D-503 mwishoni anapasuliwa, uwezo wa kuwaza unang'olewa, na anatazama mwanamke aliyempenda akiteswa bila moyo kumshtuka. Raia mwema kabisa.

Najua kuna anayenong'ona kwamba Jung mwenyewe alituita washenzi. Ni kweli, aliandika mengi juu yetu ambayo nisingeyasoma mbele ya wazee hawa. Lakini mimi simfuati Jung, namfuata laiboni. Na nani kasema laiboni alisema kweli? Bibi yangu alikuwa hasimulii ndoto kabla ya kunawa uso, na kwa mgeni hakusimulia kamwe. Mgeni mwenye daftari je? Huenda mzee alirudi nyumbani akaota vizuri sana! Basi ndiye mhusika mkuu ninayemtaka: aliyeificha ndoto yake mahali ambapo DC hafiki.

Haya, muda. Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951: wajumbe sita wanatumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wanarudi na mema, wanafungwa gerezani. Safari ya shujaa ile ile ya hadithi, kutoka, kupata zawadi na kurudi nayo, ila nyumbani hawaitaki zawadi. Someni wenyewe. Arketipu ya Kivuli, yaani yule mwovu wetu tunayemsukumia jirani, nilimwandalia kurasa nne, zitabaki mfukoni. Ila msiniletee tena jedwali la "shujaa, mzee wa hekima, kivuli" lenye alama za vema. Hiyo ni orodha ya sokoni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali. Wewe kijana wa mlangoni, uliyesinzia tangu nilipofika Jinja, uliota nini? Hapana, kaa. Usiniambie.