Chombo Kinachosalimishwa: Kusoma Uchumi wa Kimataifa na Mtangamano wa Ulaya katika Shahada ya Uzamili

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wenzangu, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao ndio hasa niliokuja kuzungumza nanyi, asanteni kwa nafasi hii. Nimeombwa nieleze anachosoma mtu anayekwenda kuchukua shahada ya uzamili ya uchumi wa kimataifa na mtangamano wa Ulaya. Nitalishika jambo moja ambalo kwangu ndilo uti wa mgongo wa somo lenyewe: kila hatua ya mtangamano huitaka serikali isalimishe chombo fulani cha kuendeshea uchumi wake, na kazi ya mwanafunzi ni kuuliza chombo hicho kilikuwa kikifanya kazi gani, nani ataifanya sasa, na akikosekana wa kuifanya, gharama itamwangukia nani.

Historia yake mtaimaliza katika wiki chache za mwanzo, kwa hiyo sitaikalia. Tangazo la Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, lilitolewa tarehe 9 Mei 1950; nchi sita zikatia saini Mkataba wa Paris mwaka 1951 kuhusu makaa ya mawe na chuma, kisha Mkataba wa Roma mwaka 1957; umoja wa forodha ukakamilika Julai 1968, soko moja likaanza Januari 1993, na sarafu ya euro ikaanza kutumika katika mabenki mwaka 1999 kabla ya noti na sarafu zake kufika mikononi mwa watu mwaka 2002. Mtakutana pia na ngazi ya Béla Balassa ya mwaka 1961, inayopanda kutoka eneo huru la biashara hadi umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa kiuchumi, na mwisho mtangamano kamili. Ngazi hiyo hukaririwa kupita kiasi. Inampa msomaji picha kwamba kila kipandio kinafanana na kilichotangulia, na kwamba aliyefika cha pili atafika cha nne akivumilia tu. Masomo ya uzamili yenye thamani ni yale yanayoivunja picha hiyo.

Tuanze na chombo cha kwanza, yaani ushuru wa forodha. Hadi katikati ya karne iliyopita wachumi wengi walichukulia kwamba umoja wa forodha, kwa kuwa unaondoa sehemu ya ushuru, lazima uwe hatua ya kuelekea biashara huru na hivyo uongeze ustawi. Jacob Viner alionyesha mwaka 1950 kwamba sivyo. Chukueni namba za ubaoni. Nchi yetu inatengeneza bidhaa fulani kwa gharama ya 100, nchi jirani inaitengeneza kwa 80, na nchi ya mbali kwa 70. Ushuru wetu ukiwa asilimia 50, bidhaa ya jirani itafika sokoni kwa 120 na ya mbali kwa 105, kwa hiyo tutanunua ya kwetu. Tukiungana na jirani, yake inaingia kwa 80 na tunaacha kutumia rasilimali za 100 kupata kitu cha 80. Hapo biashara mpya imezaliwa na tumefaidika. Sasa shusheni ushuru huo huo hadi asilimia 20. Kabla ya umoja, bidhaa ya mbali inafika kwa 84 na ya jirani kwa 96, hivyo tunanunua ya mbali, na hazina inapata 14 kwa kila kipande. Baada ya umoja, ya jirani inaingia kwa 80 na kuishinda ile ya 84. Mnunuzi amepata nafuu ya 4, hazina imepoteza 14, na taifa kwa jumla limepoteza 10, kwa sababu biashara imechepushwa kutoka kwa mzalishaji wa gharama nafuu kwenda kwa mwenye gharama kubwa zaidi.

Nimelifanya hesabu hili polepole kwa sababu anayelielewa amepata nusu ya muhula wa kwanza. Ugumu wenyewe unaanza pale mnapotakiwa kulipeleka kwenye takwimu halisi, ambako bei haziji zikiwa zimeandikwa ubaoni. Uingereza ilipojiunga na Jumuiya ya Ulaya Januari 1973, siagi na jibini kutoka New Zealand, ambazo zilikuwa zimezoea soko hilo kwa miongo mingi, zilijikuta nje ya ukuta wa sera ya pamoja ya kilimo. Ilibidi utungwe utaratibu maalumu wa mgawo ili siagi hiyo iendelee kuingia kwa kiwango kinachopungua. Huo ndio uchepushaji, na waliokuwa wakiulipia ni wanunuzi wa Uingereza na wafugaji walioko upande wa pili wa dunia.

Chombo cha pili ni viwango na kanuni za bidhaa, na hapa mwanafunzi wa uchumi hushtuka anapogundua kwamba lazima asome hukumu za mahakama. Ushuru ulipokwisha kuondolewa, serikali ziliendelea kuzuia bidhaa kwa njia za kanuni. Sheria ya Ujerumani Magharibi ilitaka pombe tamu za matunda ziwe na kileo kisichopungua asilimia 25, na kinywaji cha Ufaransa kiitwacho Cassis de Dijon kilikuwa chini ya hapo. Tarehe 20 Februari 1979 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba bidhaa iliyotengenezwa na kuuzwa kihalali katika nchi moja mwanachama haiwezi kukataliwa katika nyingine bila sababu nzito kama vile afya ya umma. Uamuzi huo mmoja ulifungua njia ya kutambuana viwango, ambayo ilikuwa nyepesi kuliko kujadiliana upya kanuni ya kila bidhaa. Kwa maoni yangu, mchumi asiyeweza kusoma hukumu kama hiyo na kuona ndani yake gharama za biashara zinazoshuka hajaujua mtangamano wa Ulaya, hata awe hodari wa hesabu kiasi gani.

Chombo cha tatu ndicho kizito, nacho ni thamani ya sarafu pamoja na riba. Robert Mundell aliuliza mwaka 1961 ni eneo gani linalofaa kuwa na sarafu moja, na jibu lake likaegemea uwezo wa wafanyakazi kuhama. Mahitaji yakipungua katika sehemu moja na kuongezeka katika nyingine, sehemu iliyopigwa haiwezi tena kushusha thamani ya fedha yake. Basi ama watu wahame, ama mishahara ishuke, ama fedha za bajeti zihamishwe kutoka sehemu yenye neema. Ronald McKinnon na Peter Kenen wakaongeza vigezo vyao katika miaka ya 1960. Mkataba wa Maastricht, uliotiwa saini Februari 1992, ulifuata njia nyingine: nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa, deni la serikali lisizidi asilimia 60, pamoja na masharti ya mfumuko wa bei, riba na uthabiti wa sarafu. Tazameni vizuri orodha hiyo, kwa sababu hakuna ndani yake swali hata moja la Mundell.

Watu wakizungumzia matokeo yake huitaja Ugiriki, na kweli Ugiriki ina kisa chake: serikali mpya ilitangaza Oktoba 2009 kwamba nakisi ingepita asilimia 12, na hesabu za mwisho zikaonyesha zaidi ya 15. Lakini mimi huwashauri wanafunzi waanze na Hispania, ambayo ndiyo inayofundisha zaidi. Kati ya 2005 na 2007 bajeti ya Hispania ilikuwa na ziada, na deni la serikali likashuka hadi chini ya asilimia 40 ya Pato la Taifa. Kwa vigezo vya Maastricht ilikuwa mwanafunzi bora kuliko Ujerumani, ambayo yenyewe ilivuka kikomo cha asilimia 3 mfululizo tangu 2002 hadi 2005. Tatizo lilikuwa mahali ambapo mkataba haukuangalia. Benki Kuu ya Ulaya hupanga riba moja kwa eneo zima. Uchumi wa Ujerumani ulikuwa umezorota na riba ikawa ya chini, na riba hiyo hiyo ilipofika Hispania, kwenye mfumuko wa bei mkubwa zaidi, kukopa kukawa karibu bure. Mikopo ikaenda kwenye nyumba. Mishahara na bei vikapanda, na nakisi ya urari wa malipo ya kawaida, yaani pengo kati ya nchi inachopata kutoka nje na inachokilipa huko, ikakaribia asilimia 10 ya Pato la Taifa mwaka 2007. Mtiririko wa fedha kutoka nje ulipokatika, ukosefu wa ajira ulipanda kutoka takriban asilimia 8 hadi kupita 25.

Hispania ilikuwa imekwisha kupita kwenye msukosuko miaka ya nyuma, na kati ya Septemba 1992 na Mei 1993 ilishusha thamani ya peseta mara tatu. Safari hii peseta haikuwapo. Kilichobaki ni kushusha mishahara na bei za ndani, njia ambayo ni ya polepole, na ambayo ina ubaya mwingine unaosahaulika: mshahara ukishuka, deni la nyumba halishuki. Kuhama nako kulikuwa kugumu, maana fundi wa Andalucía anayetaka kazi Bavaria ana lugha ya kujifunza. Na bajeti ya Umoja wa Ulaya, ambayo ni kama asilimia 1 tu ya mapato ya wanachama, haikuwa na uwezo wa kuhamisha chochote cha maana. Nafasi ya chombo kilichosalimishwa ilibaki wazi hadi moto ulipowaka. Ndipo Mario Draghi, rais wa Benki Kuu ya Ulaya wakati huo, aliposema London tarehe 26 Julai 2012 kwamba benki yake ingefanya kila linalohitajika, ndani ya mamlaka yake, kuilinda euro. Mfumo wa Uthabiti wa Ulaya, yaani mfuko wa kuziokoa nchi za euro, ukaanza kazi Oktoba mwaka huo. Usimamizi wa pamoja wa mabenki makubwa ukaanza Novemba 2014. Na mwaka 2020, wakati wa janga la korona, wanachama wakakubaliana kukopa kwa pamoja hadi euro bilioni 750 kwa bei za mwaka 2018. Mwanafunzi akiyapanga matukio haya pamoja na makala ya Mundell, ataona yanajibu maswali yaliyoulizwa miaka hamsini kabla.

Sasa niseme juu ya mbinu, kwa sababu ndizo zinazowatoa watu jasho. Waombaji wengi hudhani shahada hii ni ya diplomasia yenye uchumi kidogo, kisha hukutana katika muhula wa kwanza na ekonometriki (upimaji wa uchumi kwa takwimu), nadharia ya biashara na uchumi mkuu wa nchi zilizo wazi kwa biashara. Mzigo wa kawaida Ulaya ni alama 60 za masomo kwa mwaka, na programu nyingi ni za mwaka mmoja au miwili, tasnifu ikiwa sehemu kubwa ya kipindi cha mwisho. Jiandaeni kwa hesabu na takwimu kabla ya kuondoka. Lugha ya kufundishia si kikwazo sana siku hizi, kwani programu nyingi ni za Kiingereza, na zile za pamoja za Erasmus Mundus, mpango wa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, hudhamini hata waombaji kutoka Afrika.

Zana mtakayoitumia zaidi ni modeli ya mvutano, ambayo Jan Tinbergen aliitumia mwaka 1962: biashara kati ya nchi mbili hukua kadiri chumi zao zinavyokuwa kubwa, na hupungua kadiri umbali unavyozidi. Ni rahisi kuiendesha kwenye kompyuta, na urahisi huo ndio mtego wake. Mwaka 2000 Andrew Rose alichapisha matokeo kwamba nchi zenye sarafu moja zinafanya biashara zaidi ya mara tatu ya zisizo nayo. Wengi wakashangilia, euro ikiwa changa. Lakini miungano ya sarafu katika data yake ilihusu zaidi nchi ndogo, visiwa na maeneo yaliyokuwa makoloni, ambayo huenda yangefanya biashara sana na washirika wao hata bila sarafu hiyo. Utafiti wa baadaye kuhusu euro yenyewe ukapata athari ndogo mno kuliko hiyo. Kuna na jambo jingine dogo la kiufundi: jozi nyingi za nchi hazifanyi biashara kabisa katika bidhaa fulani, na sifuri haina logariti, ambayo modeli hii kwa kawaida huitumia. Anayezifuta safu hizo ili kompyuta ikubali amekwisha kupotosha jibu lake kabla hajalipata.

Mtaniuliza haya yanatuhusu nini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitia saini itifaki ya umoja wa fedha mjini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikiwa na vigezo vya kukaribiana: mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi isiyozidi asilimia 3 pamoja na misaada, deni lisilozidi asilimia 50 kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni ya miezi minne na nusu ya uagizaji. Akiba hiyo ni nyongeza ya busara. Sehemu iliyobaki inafanana na Maastricht kiasi kwamba somo la Hispania linaweza kuulizwa hapa bila kubadilishwa. Lengo la kuanza sarafu moja lilikuwa 2024, na limesogezwa hadi 2031. Muda huo haufai kupotea.

Ningependa mmoja wenu aandike tasnifu juu ya mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, uliotiwa saini Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, huuza Ulaya bila ushuru hata bila mkataba huo. Kenya haimo katika kundi hilo, na Oktoba 2014 maua yake yalianza kutozwa ushuru hadi mwishoni mwa mwaka. Haraka ya mmoja na kusitasita kwa wengine kunaeleweka hapo. Swali gumu linakuja baadaye. Kiwanda cha Nairobi kitakapokuwa kinaingiza malighafi za Ulaya kwa ushuru uliopunguzwa, na kiwanda cha Arusha kikilipia malighafi hizo hizo ushuru wa pamoja wa Jumuiya, ambao tangu Julai 2022 una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, bidhaa zao zitakutana sokoni zikiwa na gharama tofauti ingawa zote zinapita Namanga bila ushuru. Atakayelichukua aanze na jedwali la bidhaa la mkataba huo, msimbo kwa msimbo, alilinganishe na vitabu vya ushuru vya Jumuiya, na akubali mapema kwamba miezi ya kwanza itaishia kwenye kusafisha data. Msimamizi akimwambia mada ni finyu mno, asimsikilize haraka.