Garryowen: mtaa, wimbo wa gwaride na mkwaju wa sekunde nne

Neema: Karibuni tena kipindini. Leo tuna jina moja tu, Garryowen. Mchezaji wa raga akilisikia hutazama juu kuutafuta mpira. Askari wa Rejimenti ya Saba ya Wapanda Farasi ya Marekani akilisikia huitikia, maana kwao ni salamu. Kaka Barasa, jina lenyewe limetoka wapi?

Barasa: Limetoka Limerick, magharibi mwa Ayalandi. Kwa Kiayalandi ni Garraí Eoin, yaani bustani ya Yohana. Ni mtaa ulio kando ya mji mkongwe, jirani na kanisa kuu la Mtakatifu Yohana. Hakuna ngome pale wala ikulu, ni makazi ya watu wa kawaida. Ndiyo maana safari ya jina hili inanishangaza kila ninapoifuatilia.

Neema: Wimbo ndio uliolitoa kwanza. Ulivuma mwishoni mwa karne ya 18, na maneno yake ni ya vijana wa mjini wanaokunywa na kujigamba: watavunja madirisha, watawaangusha walinzi wa usiku watatu watatu na wanne wanne, na hakuna mwenzao atakayefungwa jela kwa deni. Wanaapa pia kulipa deni la baa "juu ya msumari". Limerick ilikuwa na nguzo fupi yenye uso bapa wa mviringo iliyoitwa Msumari, na wafanyabiashara walilipana pesa taslimu juu yake. Kwa hiyo mtu wa Limerick alielewa mara moja.

Barasa: Na Beethoven naye akaugusa.

Neema: Aliupangia muziki kwa ajili ya George Thomson wa Edinburgh, mchapishaji aliyekusanya nyimbo za Ayalandi na Uskoti. Lakini sebuleni haukuvuma kama ulivyovuma jeshini. Tarehe 31 Desemba 1811, huko Tarifa kusini mwa Uhispania, Wafaransa walishambulia ukuta uliobomoka, na rejimenti ya 87 ya Waayalandi wa jeshi la Uingereza, chini ya Hugh Gough, ikawazuia. Wafaransa waliporudi nyuma, bendi ya 87 ikapiga Garryowen. Baadaye Rejimenti ya Kifalme ya Ayalandi, ile ya 18, iliufanya wimbo wake wa gwaride.

Barasa: Wimbo wa walevi unafaaje gwaride?

Neema: Kwa sababu ya mapigo. Ni jigi, dansi ya Kiayalandi, mapigo ya sita kwa nane. Msikilizaji wa pwani anayeijua chakacha tayari ana msingi: ndani ya kila pigo kubwa kuna vipigo vitatu vidogo. Gwarideni, pigo kubwa la kwanza ni mguu wa kushoto, la pili ni wa kulia. Guu linakanyaga, na kabla halijanyanyuka noti tatu zimeshapita. Hizo tatu ndizo zinazokusukuma. Wimbo wa mapigo mawili kwa manne unakupa hatua, basi. Huu unakupa hatua pamoja na mruko.

Tupige hesabu. Gwaride la hatua 120 kwa dakika ni hatua mbili kwa sekunde, yaani mita moja ya muziki kila sekunde. Samahani, nikisema mita hapa nina maana ya kipande cha muziki kati ya mistari miwili ya nota, si kipimo cha urefu. Garryowen ina sehemu mbili, kila moja vipande vinane, na kila moja hurudiwa. Jumla ni vipande 32, sekunde 32, hatua 64. Kwa hatua ya inchi 30, kikosi kimesonga karibu mita 49 za ardhi kabla wimbo haujarudi mwanzo.

Barasa: Na bendi ikikosea, hukosea wapi?

Neema: Pumzi kwanza. Kwa kasi hiyo, noti ndogo ni sita kila sekunde, na wimbo hauna pengo la kuvuta hewa. Wapiga filimbi wote wakivuta pumzi pamoja, wimbo unakatika na askari wa nyuma wanapoteza mguu. Dawa ni kupangana: wawili wanavuta hewa mwisho wa kipande cha pili, wengine wawili cha tatu, ili sauti isikauke. Kosa la pili ni la ngoma ndogo. Mpigaji aliyezoea mapigo mawili kwa manne hugawa hatua katika vipande viwili sawa badala ya vitatu, na hapo filimbi na ngoma zinavutana. Kosa la tatu ni kukimbia. Wimbo huu unachangamsha, mkono unapata raha, na mara hatua 120 zimekuwa 130. Mbele hawahisi, lakini mkia wa safu unaanza kukimbia. Ngoma kubwa ndiyo yenye mamlaka ya kurudisha mwendo, si tarumbeta.

Barasa: Marekani uliingiaje?

Neema: Rejimenti ya Saba ilianzishwa mwaka 1866 huko Fort Riley, Kansas, na ilikuwa na Waayalandi wengi. Mara nyingi husemwa kwamba Kapteni Myles Keogh, mzaliwa wa kaunti ya Carlow, ndiye aliyeuleta. George Custer, aliyeiongoza rejimenti vitani, aliupenda mno.

Tarehe 27 Novemba 1868, alfajiri, kando ya mto Washita, Custer aliamuru bendi ipige Garryowen kama ishara ya kushambulia kijiji cha Wacheyenne, wenyeji wa asili wa Marekani, cha chifu Black Kettle. Baridi ilikuwa kali hadi mate yakaganda ndani ya ala baada ya noti chache, na muziki ukanyamaza. Pumzi ya mpigaji ina unyevu. Ikigusa shaba baridi inakuwa maji, na maji yakifika kwenye vali, yaani vitufe vya kubadilishia noti, yanakuwa barafu inayozibana. Bendi za nchi za baridi hubeba ala chini ya koti mpaka dakika ya mwisho, na kumwaga maji mara kwa mara.

Lakini tusiishie kwenye barafu. Black Kettle aliuawa pamoja na mkewe. Alikuwa amenusurika mauaji ya Sand Creek miaka minne kabla, na alikuwa mtu wa kutafuta amani. Wanawake na watoto 53 walichukuliwa mateka. Wapo watu ambao kwao sauti hii ni sauti ya asubuhi ile, na anayeupiga wimbo huu anapaswa kulijua hilo.

Barasa: Watu husema ulipigwa pia kwenye vita vya Little Bighorn, Custer alipouawa.

Neema: Haukupigwa. Bendi iliachwa kwenye kambi ya mto Powder, na farasi wake wakapewa askari waliohitaji. Iliwapigia Garryowen wakati wa kuagana, katikati ya Juni 1876. Tarehe 25 Juni Custer na zaidi ya watu 200 aliokuwa nao waliuawa na Walakota, Wacheyenne na Waarapaho, na Keogh alikuwa miongoni mwao. Jina limebaki kwenye nembo ya rejimenti hadi leo. Sasa nipe raga.

Barasa: Klabu ya Garryowen ilianzishwa mwaka 1884. Sehemu nyingi za Ayalandi raga ilikuwa mchezo wa shule za wenye nafasi, lakini Limerick ilichezwa na wafanyakazi wa bandarini na viwandani. Kombe la Munster, mkoa iliko Limerick, lilianza 1886, na hakuna klabu iliyolichukua mara nyingi kama Garryowen. Ligi ya Ayalandi yote wameichukua 1992, 1994 na 2007. Siku hizi uwanja wao uko Dooradoyle, nje kidogo ya mji, si mtaani kwenyewe.

Timu yao iliufanya mpira wa juu kuwa silaha: piga juu kabisa, kisha kundi zima la mafowadi, wachezaji wa mbele, likimbie chini yake. Hadi leo mkwaju huo unaitwa garryowen, kwa herufi ndogo, hata na watu wasiojua kwamba kuna mtaa.

Neema: Piga juu, ukimbilie. Mtu atasema ni kubahatisha.

Barasa: Si kubahatisha hata kidogo. Ni hesabu ya muda, kama gwaride lako. Mpira ukikaa hewani sekunde nne, tukiacha upepo pembeni, umepanda karibu mita 20. Ukikaa nne na nusu, karibu 25. Mkimbizaji mzuri mwenye viatu vya njumu kwenye nyasi zilizolowa anakwenda mita saba kwa sekunde. Sekunde nne ni mita 28. Basi namba kumi, mpigaji mkuu wa timu, anayepiga mita 45 mbele kwa sekunde nne amewazawadia wapinzani mpira, kwa sababu hakuna mwenzake atakayefika. Lenga mita 25 hadi 28, na wakimbizaji wanafika pamoja na mpira.

Neema: Mguu unafanyaje?

Barasa: Shika mpira wima, ncha ya chini ikielekea mguu. Uachie, usiurushe, ukiurusha unayumba kabla ya kuguswa. Kwa mkwaju wa mbali unaugonga ukiwa chini, karibu na ardhi. Kwa garryowen unaugonga ukiwa juu zaidi na karibu na mwili, kiwiliwili kimeegemea nyuma kidogo, na mguu unaendelea kupanda baada ya kugonga. Mpira ubiringike ncha kwa ncha. Ukiugonga pembeni unazunguka kama risasi na kwenda mbali, na hapo umepata umbali usiouhitaji.

Na mahali pa kuangukia pana maana. Mlinzi akiudaka safi ndani ya mita 22 zake, yaani eneo la mita 22 kutoka mstari wake wa goli, na kupaza sauti "maki", refa anasimamisha mchezo na kumpa mkwaju huru. Kazi yote imepotea. Uangushe nje kidogo ya mstari huo.

Neema: Kuotea je?

Barasa: Aliye mbele ya mpigaji wakati wa kupiga ameotea. Hana ruhusa ya kusonga mbele mpaka mpigaji, au mwenzake aliyekuwa nyuma ya mpigaji, ampite. Na kama yuko ndani ya mita 10 za pale mpira unapoangukia, kusimama hakutoshi, lazima arudi nyuma mara moja. Penalti nyingi za garryowen zinatoka hapo: fowadi mmoja mwenye haraka anaanza nusu sekunde mapema.

Kisha kuna hewani. Ukimgusa mchezaji ambaye miguu yake imeacha ardhi, bila wewe mwenyewe kuugombea mpira kwa haki, ni penalti. Akianguka kwa mgongo ni kadi, na akianguka kwa kichwa au shingo inaweza kuwa nyekundu. Mkimbizaji mwenye akili hutazama mpira, halafu mchezaji, halafu mpira. Akiona hawezi kuufikia, anapunguza mwendo na kumsubiri mdakaji atue.

Neema: Na fulbeki, mlinzi wa nyuma kabisa, anayeungoja?

Barasa: Huyo namwonea huruma, ila ana mbinu zake. Apaze sauti mapema kwamba ni wake. Asogee chini ya mpira akiwa anatembea mbele, si kurudi kinyumenyume. Aruke kwa mguu mmoja, goti la mguu mwingine likiwa juu, viwiko karibu, mikono usawa wa macho. Na ageuze bega kidogo upande. Mpira ukimponyoka akiwa ameelekea mbele kabisa, unaanguka mbele na wapinzani wanapata skramu, yaani mafowadi wa pande mbili wanasukumana na wao ndio wanaoingiza mpira. Akiwa ameelekea pembeni, una nafasi nzuri ya kuangukia nyuma na mchezo unaendelea.

Zamani wenzake walikuwa wanajipanga kama ukuta mbele yake kuwachelewesha wakimbizaji. Tangu mwishoni mwa 2024 marefa wa kimataifa wanaadhibu ukuta huo kwa ukali, na ndiyo sababu mipira ya juu imeongezeka sana.

Neema: Wasikilizaji wetu wa Kenya wanapenda sevens, raga ya watu saba. Huko ipo?

Barasa: Yupo ndugu yake. Katika sevens timu iliyofunga ndiyo inayoanzisha mpira, tofauti na raga ya watu 15. Kwa hiyo ukifunga, ukaanzisha juu kiasi kwamba unavuka zile mita 10 za lazima na wakimbizaji wako wanafika, unaweza kufunga tena wapinzani hawajaugusa. Hesabu ni ileile ya sekunde na mita.

Neema: Na upepo? Limerick haikosi upepo wala mvua.

Barasa: Upepo wa usoni unausimamisha mpira na kuurudisha, wakimbizaji wanaupita na kujikuta mbele yake. Piga chini zaidi, na wakimbizaji wachelewe hatua mbili. Upepo wa mgongoni unaubeba, basi lenga mita 20 na uache upepo uongeze zilizobaki. Mazoezini weka koni mita 25 kutoka kwa mpigaji, mtu mmoja ashike saa ya kuhesabu sekunde, mikwaju kumi kwa zamu. Isiyofika sekunde nne isihesabiwe, hata kama imeangukia kwenye koni.