Kazi ya Pili ya Kolesteroli Nzuri

Mabibi na mabwana, majina tuliyoyazoea, kolesteroli nzuri na kolesteroli mbaya, yanapotosha kidogo, kwani kolesteroli yenyewe ni ile ile. Kinachotofautiana ni chombo kinachoibeba katika damu. LDL, iitwayo mbaya, huipeleka kwenye seli, na HDL, iitwayo nzuri, huikusanya iliyozidi na kuirejesha kwenye ini. Kazi hiyo ya kurejesha mnaifahamu. Leo nataka tuitazame kazi nyingine ya HDL: kuikinga LDL isiharibike.

LDL ikipenya ukuta wa ateri na kunasa humo, mafuta yaliyo kwenye gamba lake hushambuliwa na radikali huru, yaani molekuli zisizotulia, yakachacha, au kwa lugha ya kikemia, yakaoksidishwa. Hapo ndipo balaa linapoanza. Mwaka 1979, Goldstein na Brown wa Marekani, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza taka, hazijazwi na LDL ya kawaida, bali hujazwa na ile iliyobadilishwa kikemikali. LDL ya kawaida hupita katika mlango ambao seli huupunguza inaposhiba. Iliyobadilishwa hupita katika mlango mwingine, usiojua shibe. Baadaye ilidhihirika kwamba LDL iliyooksidishwa nayo humezwa namna hiyo, hata makrofaji ikavimba mafuta na kufanana na povu.

HDL huingilia kati kwa njia zaidi ya moja. Protini yake kuu, apolipoprotini A-I, hupokea mafuta yaliyokwisha kuoksidishwa kutoka kwa LDL na kuyageuza yawe na madhara madogo, huku yenyewe ikioksidishwa kwa niaba ya jirani yake. Juu ya hayo, HDL hubeba kimeng'enya kiitwacho paraoksonasi, kilichopewa jina kutokana na uwezo wake wa kuvunja sumu ya paraoksoni, itokanayo na dawa ya kuulia wadudu. Katika majaribio ya maabara, kimeng'enya hiki kimehusishwa na kupungua kwa uoksidishaji wa LDL.

Hata hivyo, mlinzi naye huweza kuharibiwa. Uvimbe wa muda mrefu mwilini, ule unaotokana na kinga ya mwili kuchokozwa, huifanya HDL ipoteze sehemu ya protini zake za ulinzi na kubeba nyingine mahali pake, nacho kimeng'enya cha mieloperoksidasi huiharibu apolipoprotini A-I isiweze kuchukua kolesteroli ipasavyo. HDL ya namna hiyo, hata ikiwa nyingi, haina ulinzi wa kutegemewa.

Ndiyo maana siitegemei sana namba ya HDL peke yake. Dawa ya torcetrapib iliongeza HDL kwa takriban asilimia 72, lakini jaribio lake kubwa lilisitishwa Desemba 2006 kwa kuwa vifo viliongezeka miongoni mwa walioitumia. Ni kweli kwamba dawa hiyo ilipandisha pia shinikizo la damu, kwa hiyo lawama yote haiwezi kuangukia HDL. Kipimo cha kawaida cha damu huhesabu kolesteroli iliyobebwa na HDL, wala hakionyeshi kama paraoksonasi yake ingali inafanya kazi.