Chelezo cha Dhahabu Kilichofichwa Pangoni

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana nawasalimu. Nimeleta picha chache za kutoka Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, na nitaanza na hii ya chombo cha dhahabu chenye umbo la kibuyu.

Mwaka 1939 Banco de la República, yaani benki kuu ya nchi ile, ilikinunua chombo hiki. Benki kununua dhahabu si habari, maana dhahabu hupimwa kwenye mizani, ikayeyushwa, ikawa tofali, ikafungiwa. Hiki hakikuyeyushwa. Kilihifadhiwa kama kilivyotoka mikononi mwa mafundi wa Quimbaya, jamii ya kale ya wenyeji wa Kolombia, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na kutokana nacho likazaliwa jumba la makumbusho, Museo del Oro, ambalo leo lina vitu vya dhahabu takribani 34,000.

Jina lake ni poporo. Kina gramu 777, tumbo laini lisilo na doa, na mdomoni kimezungukwa na vidonge vinne vya mviringo. Kazi yake ni kutunzia chokaa. Naona mama zangu wa mstari wa mbele wanatabasamu! Aliyelelewa na bibi mla tambuu hahitaji maelezo: jani, popoo, na chokaa kidogo kutoka kwenye kijaluba. Kule walitafuna majani ya koka, na chokaa waliipata kwa kuchoma makombe ya baharini. Bila chokaa jani halitoi nguvu yake. Lakini kwao kutafuna kulikwenda pamoja na tafakuri na ibada, ndiyo maana chombo cha chokaa kilistahili kufanyiwa kazi ya namna hii.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Wenyeji hawa wa kale hawakuifanya dhahabu kuwa pesa. Wamuisca, jamii nyingine ya wenyeji, ya nyanda za juu za Bogotá, walikuwa na chumvi, zumaridi na nguo za pamba, na dhahabu nyingi waliipata kwa kubadilishana vitu hivyo na majirani. Wakishaipata, sehemu kubwa waliitoa sadaka. Waliitia kwenye vyungu wakaizika, wakaificha mapangoni, wakaitupa ziwani.

Tazameni picha ya pili. Mwaka 1969, katika pango karibu na Pasca, kusini mwa Bogotá, wakulima walikuta chungu, na ndani yake chelezo hiki. Urefu wake haufiki sentimita 20. Katikati amesimama mkubwa wa watu, amewazidi wote kimo. Waliomzunguka ni wadogo wadogo, wengine wameshika makasia. Mwandishi Juan Rodríguez Freyle, aliyeandika mwaka 1636, alisimulia jinsi mtawala mpya wa Guatavita alivyopakwa vumbi la dhahabu mwili mzima, akapelekwa kwa chelezo hadi katikati ya Ziwa Guatavita, na kuzitoa sadaka zake majini. Wahispania walimwita El Dorado, yaani aliyepakwa dhahabu. Baadaye jina la mtu likageuzwa kuwa jina la nchi ya kutafutwa, na watu wengi wakafa wakiitafuta.

Sasa sogeleeni. Fundi wa chelezo hiki hakuanza na dhahabu, alianza na nta ya nyuki. Aliisokota nyuzi nyembamba kama za kushonea, akaumba kila mtu, kila pambo. Akaifunika kwa udongo laini uliochanganywa na mkaa, akauchoma, nta ikayeyuka na kutoka, pakabaki uwazi wenye umbo lile lile. Humo akamimina dhahabu iliyochanganywa na fedha na shaba kidogo. Kisha kalibu ikavunjwa. Hakuna cha pili kinachoweza kutoka katika kalibu ile.

Na jambo lililonigusa kuliko yote ni hili: sanamu za sadaka za Wamuisca hazikung'arishwa. Masonara wetu wangeshangaa. Zimeachwa na mikwaruzo yake, na mahali ambapo dhahabu haikufika pameachwa hivyo hivyo. Fundi hakushindwa. Mtu yule yule aliyesokota nta kwa ustadi ule angeshindwa kupiga msasa? Kitu kilichokuwa kinakwenda kwa miungu hakikuhitaji kumpendeza mtazamaji. Kilihitaji kutolewa tu.

Wahispania walipofika kwa Wamuisca mwaka 1537 waliona uzito wa dhahabu tu. Waliyeyusha, wakatenga sehemu moja ya tano ya mfalme, wakagawana iliyobaki. Ziwa Guatavita nalo halikusalimika. Mwishoni mwa karne ya 16 Antonio de Sepúlveda alikata ukingo wake ili maji yatoke, ukaporomoka na kuua wafanyakazi. Pengo hilo linaonekana hadi leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kiingereza ililikausha, jua likaligeuza tope kuwa gumu kama saruji. Serikali ililipiga marufuku zoezi hilo mwaka 1965.

Sisi wa pwani tunalijua jeraha hili. Ushuru wa dhahabu ambao Vasco da Gama aliulazimisha kwa mtawala wa Kilwa mwaka 1502 ulifuliwa kuwa chombo cha ibada cha kanisa la Belém, Ureno, kikakamilika mwaka 1506. Kipo makumbushoni Lisbon. Kilwa yetu imo humo, ila huwezi kuitambua.

Wakolombia nao wana chao ng'ambo. Vitu 122 vya hazina ya Quimbaya vipo Madrid, kwa sababu rais Carlos Holguín aliamua kuipa Hispania zawadi, ikakabidhiwa mwaka 1893. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba iliiamuru serikali ifanye juhudi virudi. Mimi nasema virudi.

Picha ya mwisho si ya makumbushoni. Huyu ni mzee wa Kikogi, yaani wa jamii ya Wakogi, wenyeji wa milima ya Sierra Nevada de Santa Marta huko huko Kolombia, na mkononi ana poporo. Lake ni kibuyu cha kawaida. Akitafakari huchovya kijiti kwenye chokaa, hukitia mdomoni penye majani, kisha hukisugua kuzunguka mdomo wa kibuyu. Mate na chokaa huganda, siku hadi siku, miaka na miaka, mpaka kunakuwa na kofia nene juu ya kibuyu. Itazameni rangi yake. Ni ya manjano.