Ukumbi wa mwaka 1788 uliookolewa na magunia ya nafaka

Shikamooni wazee wangu, mambo vipi vijana wenzangu, popote mlipo, Shangani, Ligula, Mikindani, Lindi mpaka Nachingwea. Leo nipo Richmond, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Kamji kadogo, ukipiga chafya sokoni unaombewa afya mitaa yote. Jengo lenyewe ndilo hili. Kwa nje kuta za mawe tu, unaweza kulipita. Tuingie.

Haya, tazameni! Huu ni ukumbi wa maigizo, unaitwa Georgian Theatre Royal. Aliujenga mwaka 1788 Samuel Butler, mwigizaji aliyekuwa akizunguka mji kwa mji na kundi lake. Leo wanakaa watu 214. Enzi hizo walirundikana hadi 400 humu humu, na mishumaa inawaka. Hivi vyumba vidogo vya pembeni ni vya wenye nazo, kila kimoja kina jina la mwandishi wa tamthilia. Cha katikati cha nani? Shakespeare, nani mwingine. Sasa njooni juu huku kwa walalahoi. Mnauona ubao huu mbele ya benchi? Mchezo ukiwachosha walikuwa wanaupiga mateke. Sisi tunazomea kwa mdomo, wenzetu kwa buti!

Mwaka 1848 ukafungwa. Hapo ndipo stori inanoga. Hawakuubomoa. Chini wakatengeneza stoo za mvinyo, juu ikawa minada, mara ghala la nafaka, na wakati wa Vita Kuu ya Pili wakajaza vitu chakavu. Maigizo yalirudi 1963.

Kuna watakaosema Wazungu wanajua kutunza vya kale. Sikubali. Zaidi ya miaka 100 hakuna aliyekumbuka sanaa humu. Ila paa la ghala likivuja, mwenye mzigo analiziba siku hiyo hiyo, maana nafaka itaota. Aliyewahi kulinda korosho ghalani mvua zikianza ananielewa.

Hata kwetu Mtwara, Boma la Mikindani, la Wajerumani, la 1895, mbona limesimama? Ni hoteli, lina wageni. Jirani zake kadhaa, nyumba za mawe, ndani zimeota miti. Kazi ndiyo zinayoikosa. Duka, darasa, hata stoo ya nyavu, mimi naona sawa.

Bisheni kwenye komenti. Na anayejua jengo la kale Lindi mjini ambalo siku hizi ni stoo ya chochote, aniandikie mtaa. Nikija likizo naanza kurekodi hapo.