Kipindi cha 41: Sanda ya Shangazi na Noti za Nyati

HAMISI: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu. Wiki iliyopita tuliahidi kuzungumzia mambo matano kuhusu tabia zetu za kila siku za fedha, na karatasi yenye mambo hayo ninayo hapa mezani. Hata hivyo, dada Zuhura amerudi jana kutoka Pangani na bahasha ya kaki ambayo amekataa kuifungua mpaka maikrofoni ziwashwe, kwa hiyo karatasi yangu itabidi ingoje kidogo.

ZUHURA: Waaleikum salaam, kaka Hamisi. Wasikilizaji wa siku nyingi wanamfahamu shangazi yangu, yule aliyetutumia ujumbe wa sauti kututaka tuache kuzungumza kama watu wanaokimbiza basi. Tulikwenda kumbadilishia mabati, na fundi alipopanda juu alikuta kibubu kimelazwa juu ya boriti, kimepigwa misumari pande zote, na vumbi lake limeshika kama rangi. Nilimuuliza shangazi ni cha nani. Akajibu bila kuacha kuchambua mchele kwamba ile ilikuwa sanda yake.

HAMISI: Sanda ndani ya kibubu?

ZUHURA: Fedha ya sanda. Alianza kuiweka mwaka 2004, baada ya kufiwa na mumewe, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mwanawe wa kwanza. Tulikipasua pale uani, tukahesabu shilingi 265,500. Ndipo nikaona kwamba zaidi ya nusu yake ni noti zile kubwa za zamani, na nyingine zilikuwa za shilingi 500 zenye picha ya nyati, ambazo sikuwa nimeziona tangu nilipokuwa shule. Hizi hapa ndani ya bahasha. Zina thamani ya shilingi 142,500, au niseme zilikuwa nayo.

HAMISI: Kwa wale ambao habari hii iliwapita, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba noti zilizotolewa kuanzia mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na tarehe 5 Aprili 2025, na kwamba baada ya hapo hazitakuwa fedha halali.

ZUHURA: Shangazi alilisikia tangazo hilo redioni. Alidhani linawahusu wafanyabiashara wenye magunia ya fedha. Haikumpitia akilini kwamba Benki Kuu inaweza kuwa inasema na kibubu kilichoko juu ya boriti ya nyumba ya Pangani.

HAMISI: Pole yake sana. Wahenga walisema mali ya bahili huliwa na mchwa.

ZUHURA: Ishia hapo hapo. Shangazi si bahili, na waliokula fedha hii si mchwa, bali ni kalenda. Isitoshe, wewe huna haki ya kuzungumzia vibubu mbele ya wasikilizaji wetu.

HAMISI: Nilijua tutafika kwenye kisu.

ZUHURA: Ni lazima tufike. Kwa msikilizaji aliyejiunga nasi hivi karibuni, kaka Hamisi alinunua kibubu mwezi wa Ramadhani kwa nia ya kuweka fedha za ada ya mtoto, na siku ya kumi na tisa mke wake alimkuta jikoni amekigeuza juu chini, ameingiza kisu cha kupakia siagi kwenye tundu lake, na sarafu zinateleza moja moja juu ya kisu zikiingia kwenye kikombe.

HAMISI: Nilikuwa nakopa. Niliandika kiasi nilichotoa.

ZUHURA: Uliandika juu ya mkono, ukaenda kuswali, ukatawadha.

HAMISI: Sawa. Lakini kisa changu kinaonyesha jinsi kibubu kinavyofanya kazi. Kazi yake ni kumzuia mwenye fedha, si kumzuia mwizi, kwa kuwa mwizi atakibeba chote. Ndiyo sababu fundi hakuwekei mlango. Ukitaka kutoa fedha ni lazima uvunje, na kishindo cha kuvunja kisikike nyumba nzima. Shangazi alielewa hilo kuliko mimi, maana alikipandisha juu ya boriti, mahali ambapo kisu cha siagi hakifiki.

ZUHURA: Na kwa nini hakuweka kwenye simu? Nilimuuliza. Alisema mwaka 2021, tozo zilipoanza, alitumiwa fedha na mwanawe, na alipokwenda kwa wakala alikatwa kiasi ambacho kwake kilikuwa kitoweo cha siku hiyo. Tangu hapo, fedha ikiingia kwenye simu huitoa yote siku ileile. Anasema kibubu hakijawahi kumkata.

HAMISI: Kimemkata shilingi 142,500 kwa mkupuo.

ZUHURA: Hilo nalo ni kweli.

HAMISI: Sasa niseme jambo ambalo huenda likakuudhi, dada yangu. Shangazi ana watoto wanne, na nusu ya wali wanaoolewa mtaani kwake amewasinga yeye. Mtu wa namna hiyo hawezi kulala ndani bila sanda hata kwa saa moja. Kwa maoni yangu, utajiri wake ni watu hao, na alikuwa nao tayari wakati anapigilia msumari wa kwanza. Miaka yote hiyo alikuwa anajinyima kununua kitu ambacho angekipata bila kuomba.

ZUHURA: Umeniudhi, kama ulivyotabiri. Mwaka ule wa 2004 jirani yake alifariki asubuhi, na bakuli likazungushwa mpaka adhuhuri. Watu walitoa, sikatai. Lakini kufika jioni kila mmoja alijua mwenzake ametoa kiasi gani, na wiki nzima kisimani kulikuwa na hesabu. Shangazi aliondoka kwenye msiba ule akaenda moja kwa moja kwa seremala. Kwake yeye, tajiri ni mtu ambaye jina lake haliachwi mdomoni mwa mtu mwingine pamoja na kiasi.

HAMISI: Lakini hata mimi nimewahi kufiwa. Siku baba alipofariki sikuwa na shilingi elfu hamsini mfukoni. Kabla sijamaliza kuwapigia simu ndugu, chama chetu cha kufa na kuzikana kilikuwa kimeshaleta turubai, viti na masufuria, na kaburi lilikuwa linachimbwa. Nilikuwa nikitoa shilingi 2,000 kila mwezi, tena mara nyingine nikinung'unika. Ningeziweka fedha hizo kwenye kibubu, zisingenitosha hata kwa turubai. Fedha iliyo kwa watu haiozi, na hakuna tangazo linaloweza kuifuta.

ZUHURA: Haiozi kwako wewe unayelipwa mwisho wa mwezi. Shangazi aliwahi kuwa katika chama. Mwaka alioumwa mguu alikosa michango ya miezi mitatu mfululizo, jina lake likafutwa, na hakuna aliyemrudishia alichokwisha toa kwa miaka sita. Kwa hiyo usiniambie fedha iliyo kwa watu haifutwi. Ilifutwa kwa kalamu ya risasi, wala haikuhitaji Benki Kuu.

HAMISI: Hicho kilikuwa chama kibovu.

ZUHURA: Na hiki kilikuwa kibubu kibovu. Tuko sawa.

HAMISI: Hatuko sawa, kwa sababu hata baada ya kufutwa angezikwa.

ZUHURA: Sijasema asingezikwa. Nasema alitaka kuzikwa bila kudaiwa, na wewe unalichukulia jambo hilo kuwa dogo kwa kuwa hujawahi kuhesabiwa kisimani.

HAMISI: Na wewe unalikuza kwa kuwa hujawahi kusimama kwenye msiba huna kitu. Tuliache hapo, maana naona hakuna atakayemsogeza mwenzake leo. Niruhusu niulize jambo la kawaida tu. Kwa nini hakununua bafta yenyewe?

ZUHURA: Kaka Hamisi!

HAMISI: Nauliza kwa heshima zote. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano. Angenunua jora la bafta mwaka 2004, akaongeza ubani na karafuu maiti, akaviweka sandukuni. Bei ingepanda, yeye asingejali. Noti zingebadilishwa, yeye asingejali. Sijasikia bafta ikitangazwa kwamba si halali baada ya tarehe 5 Aprili.

ZUHURA: Panya je?

HAMISI: Karafuu maiti hufukuza wadudu.

ZUHURA: Nimesema panya. Na binti anayekuja likizo, akafungua sanduku, akaona kitambaa kizuri cheupe, akashona shimizi? Nakwambia jambo hilo limetokea katika ukoo wetu, na mwenye sanda alikuwa hai, akamwona mjukuu wake amelivaa siku ya Idi.

HAMISI: Alisemaje?

ZUHURA: Alisema limempendeza. Angefanya nini? Kwa hiyo bafta nayo ina kisu chake cha siagi.

HAMISI: Mtayarishaji wetu ananyoosha vidole viwili, maana yake tumebakiwa na dakika mbili, na karatasi yangu bado imekunjwa. Jambo la kwanza lilikuwa kuandika matumizi madogomadogo, kama vocha, maandazi na nauli ya bodaboda. La pili lilihusu mikopo ya simu.

ZUHURA: Usianze la pili kwa dakika mbili, utawaumiza watu. Mambo hayo matano hayatapigwa marufuku kabla ya wiki ijayo.

HAMISI: Basi nijibu moja tu. Zile shilingi 123,000 zilizosalia mmezipeleka wapi?

ZUHURA: Tulimshauri afungue akaunti, akatusikiliza vizuri sana, akatupikia wali wa nazi. Asubuhi nilipoamka seremala alikuwa ameshaondoka.

HAMISI: Kibubu kipya? Safari hii amekiweka wapi?

ZUHURA: Hakuniambia. Alisema anajua nafanya kazi na wewe.