Pilipili mbuzi ndani ya chumba hapa Dodoma: kuanzia mbegu mpaka tunda

Mbukwenyi, ndugu zangu! Karibuni tena kwenye chumba changu cha uani. Leo mmenikuta na furaha. Mdogo wangu, sogeza kamera, sogeza, hapo hapo. Mnaiona hiyo? Pilipili mbuzi ya kwanza ya mche huu, ya njano kabisa, imejikunja kunja kama leso iliyokaa mfukoni. Imezaliwa humu ndani na haijawahi kupigwa na upepo wa Dodoma hata siku moja.

Hiyo mistari inayopita kwenye picha isiwatishe. Ni kamera inagombana na taa, kwa macho ya kawaida haionekani.

Kila nikiweka video mtu ananiuliza, dada, jua la Dodoma lote hilo la bure, ndani unatafuta nini? Jua sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni upepo, kuku wa jirani, na mbuzi wanaopita hapa jioni kama wana mkataba na bustani yangu. Upepo wa kuanzia Juni unakausha udongo wa kopo asubuhi kabla hujamaliza chai. Halafu wengi wetu tumepanga, shamba hatuna, lakini kona ya mita moja kwa mita moja haikosekani.

Twende kazini. Mbegu.

Mimi natoa kwenye pilipili iliyoiva vizuri, naanika kivulini siku 3 au 4. Ila kama pilipili yako ilitokana na mbegu chotara, watoto hawatafanana na mama, ujue hilo mapema. Loweka usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, asubuhi unapanda. Kina ni nusu sentimita tu. Baada ya kushika hizo mbegu nawa mikono kwa sabuni, nawa tena, na hata hivyo usiguse jicho. Mwaka jana niligusa, nikalia hadi mama mwenye nyumba akaja kunipa pole ya msiba.

Udongo. Debe mbili za udongo mzuri, debe moja ya samadi iliyooza kabisa, debe moja ya mchanga. Samadi ikiwa bado inanuka mbuzi, haijaiva, iache. Ukiwa na uwezo, kwenye trei tumia kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, ni nyepesi na haina magonjwa ya shambani. Udongo wa kawaida uutokose kwanza kwa mvuke: maji kidogo chini ya pipa, udongo juu kwenye chekeche, funika kwa kiroba, ukianza kutoa mvuke hesabu nusu saa. Uache upoe. Jaza trei, panda, nyunyiza, funika na nailoni, weka sehemu ya joto. Mimi naweka juu ya friji. Pilipili inapenda nyuzi 25 mpaka 30 ili iote, na usiku wa Juni na Julai hapa kwetu haufiki huko, kwa hiyo friji inanisaidia sana. Hoho inaweza kuota ndani ya siku 10, pilipili mbuzi inaringa, inaenda wiki 2 hata 3. Usifukue kuangalia! Najua mnafukua.

Ikitokeza tu, nailoni toa, taa washa. Siku hiyo hiyo.

Sasa hapa naomba tutulie. Mdogo wangu, njoo karibu na hii trei. Hapa ndipo nilipopoteza miche 60 kwa siku 3, na nitalisema hili mpaka mchoke: USIMWAGILIE KWA JUU. Sisi watu wa Dodoma tumekulia kwenye ukame, tukiona udongo umepauka kidogo roho inaruka, tunakimbilia jagi. Ndivyo nilivyofanya. Kila jioni jagi. Miche ilikuwa mizuri, ina vijani viwili viwili, nikawa naisifia. Asubuhi moja nikakuta 5 imelala. Nikasema kiu hiyo, nikaongeza maji. Kesho yake 20.

Angalieni huu mmoja, nimeuacha makusudi niwaonyeshe. Majani bado ya kijani, hayana shida yoyote. Lakini shuka hapa chini, pale shina linapotoka kwenye udongo. Unaona palivyonywea? Pamekuwa kama uzi, pana rangi ya kahawia, pana majimaji. Juu mzima, chini umeshakatika. Hicho ndicho kinyausi. Ni ukungu wa kwenye udongo, unapenda unyevu usiokauka na hewa iliyosimama. Mche ukifika hapo hauponi. Ng'oa pamoja na udongo wake, tupa mbali.

Dawa yake ni kumwagilia kwa chini. Beseni hili, maji kimo cha vidole viwili. Trei ina matundu, naikalisha humo. Tunasubiri. Uso wa udongo ukianza kubadilika rangi, unakuwa mweusi weusi… bado… bado… haya, umeshaanza pembeni. Dakika 10 hivi. Toa, iache ichuruzike. Narudia, ichuruzike! Usiirudishe kwenye sinia lenye maji. Na hutarudia kumwagilia mpaka trei ikiinuliwa iwe nyepesi mkononi. Inua yenye maji, inua iliyokauka, mkono utajifunza wenyewe. Trei ikiwa nzito, kiu hiyo ni yako wewe, mche hauna kiu.

Na maji umwagilie asubuhi. Jioni hapana.

Feni ndogo ile pale inapuliza ukutani, haipulizi miche moja kwa moja. Upepo ukigonga ukuta unarudi taratibu, majani yanacheza kidogo tu. Uso wa udongo unakauka na shina linanenepa, kwa sababu mche unaotikiswa unajikaza. Nakimbia upepo wa nje halafu natengeneza wangu ndani, mdogo wangu ananicheka kila siku kwa hilo.

Taa. Nimefunga mbili ndefu za LED, nyeupe, wati 18 kila moja, zile zile za sebuleni. Hakuna haja ya zile za zambarau, mimi binafsi zinaniumiza macho. Zinawaka kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 3 usiku, taima inaziwasha na kuzizima. Hesabu: wati 36 mara saa 15 ni wati-saa 540, yaani uniti nusu na ushee kwa siku, uniti 16 hivi kwa mwezi. Usiku zizime, mmea nao una kazi zake gizani. Umeme ukikatika siku moja, wala usihangaike.

Umbali ni sentimita 15 juu ya miche. Ukiziweka darini, miche inarefuka ikitafuta mwanga, inakuwa mirefu myembamba kama vijiti vya mishikaki na inaanguka yenyewe. Kwa hiyo nimezitundika kwa mnyororo, miche ikipanda, nazo zinapanda. Ukuta nimepaka chokaa ili mwanga urudi.

Wiki ya 5 au 6, mche ukiwa na majani kamili manne mpaka sita, hamisha. Ndoo ya lita 10, matundu sita chini, udongo ule ule. Shika jani, shina usilishike. Jani likikatika litaota lingine, shina likivunjika basi. Hiyo ni kazi ya dakika moja, siwapotezei muda. Kwa ndoo taa mbili hazitoshi, mimi nimeongeza mbili nyingine pembeni na ndoo zenyewe nimezisogeza dirishani. Mche ukifika kimo cha shibiri, kata kichwa, utatoa matawi.

Kitu kingine cha huku kwetu ni maji. Visima vyetu vingi vina chumvi, chai yenyewe unaionja. Angalia ukingo wa ndoo hii: huo utando mweupe ni chumvi iliyobaki baada ya maji kukauka. Ukizidi, ncha za majani zinaungua. Kwenye ndoo mara moja moja namwaga maji mengi mpaka yatoke chini, chumvi ishuke nayo. Na masika yetu ni mafupi, Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo kila tone la bati langu linaingia kwenye pipa. Maji ya mvua nayatunzia miche midogo.

Maua sasa. Nje kuna nyuki na upepo, humu kuna mimi. Ua la pilipili lina dume na jike ndani yake, linahitaji kutikiswa tu. Chukua mswaki mkavu, gonga kikonyo cha ua hivi, tik tik tik. Mnaona ule unga? Fanya kila siku kuanzia saa 4 asubuhi. Chumba kikipita nyuzi 32 mchana, maua yataanguka hata ukiyabembeleza, kwa hiyo Oktoba na Novemba mlango uwe wazi na pazia…

Ngoja.

Ngoja kwanza. Mdogo wangu, shusha kamera, chini ya jani hili. Washa tochi ya simu. Aisee. Mnaviona hivyo vidoti vyeupe juu ya jani, kama limechomwa na sindano? Sasa ligeuze. Huo ni utando, mwembamba kuliko wa buibui, na hivyo vinavyotembea ni utitiri. Hapa nilipanga kuwaonyesha mbolea, lakini utitiri hausubiri. Unapenda joto na ukavu, yaani unaipenda Dodoma kuliko sisi.

Kwanza, ndoo hii inatoka chumbani sasa hivi, isiguse nyingine. Pili, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita moja ya maji, ndani ya chupa ya kupulizia. Unapuliza CHINI ya majani. Juu hawapo! Chini, chini, kila jani, mpaka lidondoshe. Baada ya saa moja suuza kwa maji safi. Unarudia kila baada ya siku 3 au 4, mara tatu, kwa sababu sabuni haiui mayai, yataanguliwa na utakuta wajukuu. Fanya jioni au kivulini, ukipuliza kwenye jua kali jani linaungua.

Mbolea tutaizungumza siku nyingine. Wanaotaka miche iliyoota tayari, trei zipo, mnaonijua hapa Dodoma mnajua pa kunipata, na nitakupa na beseni la kumwagilia kwa chini kama huna.

Tunda langu nilichume kabla sijapuliza. Unalikata na kikonyo chake, hulivuti. Nusa, mdogo wangu. Si linanukia kama embe? Weka kwenye kibakuli, mchana kuna ugali na mlenda. Sasa nishikie mlango, nitoe hii ndoo.